KUONYESHA SI KUUNGA MKONO: FILAMU, RUNINGA NA UHAKIKI WETU DARASANI

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa mpenzi, mwaka wa 2018 ulikuwa na mafunzo makubwa kwa somo letu. Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya KCSE. Humo tunamwona Majoka, mtawala wa Sagamoyo, akitaka Runinga ya Mzalendo ifungwe kwa kupeperusha habari zisizompendeza. Mnamo tarehe 30 Januari mwaka huohuo, serikali ilizima matangazo ya NTV, KTN na Citizen yalipokuwa yakionyesha kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru, nayo yakabaki kuzimwa kwa siku kadhaa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Aprili, Bodi ya Kuainisha Filamu nchini (KFCB) ikapiga marufuku filamu ya Rafiki yake Wanuri Kahiu.

Makala haya hayakusudii kukupa msimamo wa kisiasa. Yanashikilia kwamba wanaopiga sanaa marufuku aghalabu hufanya makosa yaleyale ambayo sisi walimu huyatia alama nyekundu katika karatasi za watahiniwa. Nitayataja matatu. Maoni ni yangu, yapime.

Kosa la kwanza: kudhani kwamba kinachoonyeshwa kinaungwa mkono

Tazama filamu ya Nairobi Half Life (2012) iliyoelekezwa na David "Tosh" Gitonga. Mwas anatoka kijijini akiwa na ndoto ya kuwa mwigizaji, anaporwa siku anayoingia Nairobi, na hatimaye anajiunga na genge la wezi. Je, filamu hii inafundisha wizi? Aliyeitazama kwa makini atajibu kuwa inauliza namna jiji linavyomgeuza kijana, na namna polisi wanavyoshirikiana na wahalifu kisha kuwaua. Filamu hii haikupigwa marufuku. Ndiyo ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo za Oscar.

Rafiki haikupata msomaji wa aina hiyo. Filamu hii, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", inawahusu Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana, wanaopendana. Bodi ilisema filamu inalenga kueneza usagaji kinyume cha sheria. Msomaji ana haki ya kulipinga jambo lenyewe kwa misingi ya dini au mila yake, na wengi tunaofundisha huku Dagoretti Corner tuna wazazi wa msimamo huo. Hata hivyo, swali la mhakiki ni tofauti: je, kazi yenyewe inasema nini? Ndani ya filamu wasichana hao wanavamiwa na kupigwa na umati, wanaaibishwa na kutenganishwa. Anayedai kwamba filamu "inaeneza" hana budi kutueleza anavyoyasoma matukio hayo.

Kosa la pili: kuhukumu kazi kwa mwisho wake

Mwelekezi wa Rafiki alieleza kwamba Bodi ilimtaka abadilishe mwisho wa filamu, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na hauonyeshi majuto. Hapa ndipo mwalimu wa fasihi anapopaswa kusimama. Ni watahiniwa wangapi huandika kwamba funzo la hadithi ni lile linalotokea katika ukurasa wa mwisho? Mwas naye anaponea chupuchupu pale wenzake wanapouawa, kisha anapanda jukwaani kuigiza. Hakufungwa, wala hatumwoni akitubu. Laiti filamu zote zingepimwa kwa kigezo cha mwisho, hiyo nayo isingepona. Mwisho ni sehemu ya msuko, nao husomwa pamoja na yote yaliyoutangulia.

Marufuku ya Rafiki ilisimamishwa kwa siku 7 na Jaji Wilfrida Okwany tarehe 21 Septemba 2018, watu wazima wakaruhusiwa kuitazama. Jaji alisema hakuamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha maadili yake kutikiswa na filamu. Kwenye barabara yetu hii ya Ngong, ukishuka kuelekea mjini, ukumbi wa sinema wa Prestige ulijaa watazamaji. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu iliunga mkono uamuzi wa Bodi, lakini mabishano ya kisheria hayakuishia hapo.

Kosa la tatu: kumchukua mhusika kuwa mwandishi, na kinaya kuwa tusi

Katika maswali ya muktadha, mtahiniwa dhaifu huandika "mwandishi anasema" pale ambapo msemaji ni Majoka. Tamthilia za shule zimeumizwa na usomaji wa aina hiyo. Mwaka wa 2013 mchezo wa Shackles of Doom wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, uliotungwa na Cleophas Malala, ulizuiwa kwa madai ya kuchochea ukabila, ilhali ulikuwa ukiukejeli ukabila na ugawaji mbaya wa rasilimali. Mahakama Kuu iliamuru uigizwe. Mnamo Aprili 2025 shule hiyohiyo ilifika Nakuru na mchezo wa Echoes of War, wa mwandishi yuleyule, ikiwa na amri ya mahakama ya kuuruhusu. Malala alikamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza.

Linganisha na runinga. Kundi la Redykyulass lilimwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, na nchi ikacheka. John Kiarie, mmoja wa waigizaji wake, alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka wa 2017. The XYZ Show, iliyoanza mwaka wa 2009 chini ya mchoraji Gado, iliwafanya viongozi kuwa vikaragosi. Wakenya wanaielewa kejeli. Iweje basi tuihofie inapotoka kinywani mwa msichana wa shule?

Je, kusiwe na mipaka?

La hasha. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na papo hapo inakataa uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Kuainisha filamu kwa umri pia ni jambo jema. Mtoto wa darasa la nne anayepanda matatu kutoka Dagoretti Corner kwenda Kawangware hakuchagua video inayochezwa kwenye skrini iliyo mbele yake. Huyo anahitaji kulindwa. Lakini kumwambia mzazi kwamba filamu inawafaa wenye miaka 18 na zaidi ni kumpa taarifa, nako kumzuia mtu mzima asiitazame ni kumnyima nafasi ya kuhakiki. Hatari ninayoiona ni hii: mwanafunzi akizoea kuona kazi ikizimwa kabla haijasomwa, atajifunza kuhakiki vivyo hivyo. Ataisikia fununu, atoe hukumu, na asifungue kitabu. Sudi wa Kigogo anapokataa kumchongea Majoka kinyago, tunampa alama za "msimamo thabiti". Alama hizo hazina maana ikiwa mwanafunzi wetu akipanda jukwaani tunamwomba anyamaze.

Maswali ya zoezi

1. "Msanii hawajibikii maneno ya mhusika wake." Jadili ukirejelea tamthilia unayoisoma. (alama 20)
2. Chagua filamu au kipindi cha runinga ambacho umekitazama chote. Eleza jambo moja kinachoonyesha lakini hakikiungi mkono, ukitaja mbinu iliyotumiwa. (alama 10)
3. Tofautisha kuainisha na kupiga marufuku, kwa mifano. (alama 6)