Mutarudia lini na majibu?



Katika mkutano wetu wa mwisho, mdogo wetu mmoja alisimama akasema: "Iniversite njo ile ya London, LSE. Ya kwetu ni majengo na minerivali tu." Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Mimi sikujibu ile siku, juu saa ilikuwa imekwenda. Leo najibu, na sitajibu kwa kutetea ya kwetu. Minataka tuiangalie ile ya London vizuri, tuone inastahili sifa gani, na ni wapi sifa inapita kipimo.

LSE, kwa jina refu London School of Economics and Political Science, ilianza mwaka 1895. Waanzilishi ni Sidney na Beatrice Webb, Graham Wallas na mwandishi George Bernard Shaw. Haifundishi uganga wala ujenzi. Inafundisha mambo ya jamii: uchumi, siasa, sheria, antropolojia, historia. Msemo wake wa Kilatini, uliochaguliwa mwaka 1922, maana yake ni kujua sababu za mambo. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wanatoka inje ya Uingereza. Inapojieleza, inahesabu marais na mawaziri waliopita pale, zawadi za Nobel, na nchi ambako watu wake wanatoa mashauri. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini kuenea ni jambo moja, na kufaa watu ni jambo lingine.

Kwao nyumbani, ilifaa, na hapo mimi navua kofia. Kuanzia mwaka 1886, tajiri mmoja, Charles Booth, alituma watu kuchunguza umaskini wa London barabara kwa barabara. Wakachora ramani yenye rangi: nyeusi kwa watu wa chini kabisa, ya manjano kwa matajiri. Leo karatasi zake ziko katika maktaba ya LSE. Kati ya wale waliomfanyia uchunguzi alikuwa Beatrice mwenyewe, kabla ya kuolewa na Webb na kabla LSE haijazaliwa. Aliingia hata katika karakana za washonaji mashariki ya mji, akijifanya mutafuta kazi.

Tazama sasa ile kazi ilienda wapi. Mwaka 1909, Beatrice na wenzake wachache katika tume ya serikali waliandika ripoti yao ya pembeni, wakidai sheria ya zamani ya maskini ivunjwe. Kijana aliyewahi kushirikiana nao, William Beveridge, aliongoza LSE toka 1919 mpaka 1937. Mwaka 1942, kisha kuondoka pale, aliandika ripoti juu ya bima kwa raia wote. Mwaka 1948 Uingereza ikafungua matibabu bila malipo mlangoni. Si watu wa LSE peke yao waliofanya hayo. Kulikuwa na vyama vya wafanyakazi, kulikuwa na vita, kulikuwa na uchaguzi wa 1945. Lakini maulizo yaliyopigwa hodi katika nyumba za maskini yalirudia katika barabara zile zile, yakiwa sheria na hospitali. Ilichukua miaka kama 60, ila yalirudia.

Sasa tutoke London, tupande Kabare.

Nilipomaliza lisansi na kukosa kazi, nilichukuliwa na timu ya utafiti ya chuo kimoja cha Ulaya. Si LSE, na jina silitaji. Tulikuwa na karatasi za maulizo za kurasa 14: mashamba, kalinzi, mwami, vikundi vya silaha, nani anaamua nini. Mama mmoja alitujibu huku anapepeta maharagi yake. Saa mbili nzima. Tulipofunga makaratasi, akauliza lake moja tu: "Mutoto yangu, bale ba kwanza balituuliza njo bile bile. Balisema batarudia. Na nyie, mutarudia lini na majibu?"

Nilijibu: "Hivi karibuni, mama." Nilijua ninasema uongo.

Miaka minane imepita. Makala ilitoka kwa Kiingereza, kwenye jarida la kulipia. Jina langu liko kwenye mstari wa shukrani. Yule mama hayuko hata pale.

Mtu atasema: hiyo ni zamani, leo vyuo vya Uingereza vinalazimishwa kuonyesha faida yao kwa watu. Ni kweli. Serikali yao inapima utafiti wa vyuo vyote, na kipimo hicho kinaamua feza. Mwaka 2014, athari ya utafiti inje ya chuo ilipewa asilimia 20 ya alama. Mwaka 2021 ikapanda asilimia 25. Ni wazo zuri. Chuo kinaandika hadithi: tulichunguza hiki, kikabadilisha kile, na ushahidi huu hapa.

Shida iko kwenye neno ushahidi. Nani anaweza kuandika barua ya kuthibitisha kwamba utafiti ulimfaa? Waziri anaweza. Shirika la Umoja wa Mataifa linaweza. Benki kubwa inaweza. Yule mama wa Kabare hana karatasi yenye chapa wala muhuri. Basi hata mtafiti mwenye moyo safi anavutwa kwenda kwa wenye mihuri, juu hao ndio wanaompa alama. Athari inapimwa pale ambapo sauti tayari iko na nguvu. Mimi siiti hiyo faida kwa umma. Naiita faida kwa ofisi.

Na ofisi nyingine ni za hatari. LSE ilijifunza hiyo vibaya. Mwaka 2008 ilimpa Saif al-Islam Gaddafi shahada ya udaktari, kisha ikakubali ahadi ya paundi milioni 1.5 kutoka kwa shirika alilokuwa akiliongoza. Libya ilipowaka moto, mkurugenzi Howard Davies alijiuzulu, Machi 2011. Sisemi hilo ili kuwacheka. Nasema kwamba chuo kinachojipima kwa ukubwa wa watu kinaowajua kitafika siku moja kwenye meza isiyofaa.

Lakini kuna mwanafunzi mmoja wa LSE ambaye hadithi yake inanipa moyo, na pia inanionya. Jomo Kenyatta, akiwa London miaka ya 1930, alifanya kazi kwenye chuo kingine cha mji huo, akitoa sauti yake ili wataalamu wachunguze lugha ya Kikuyu. Kitabu kilichotokana na ile sauti kilitoka mwaka 1940 kwa jina la Lilias Armstrong. Alikuwa kama mimi: asistanti. Kisha akaingia LSE, akasoma antropolojia kwa Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake mwenyewe juu ya watu wake. Yule aliyekuwa anaulizwa akashika kalamu. Onyo ni hili: katika kitabu kile alitetea kutahiriwa kwa wasichana. Kuwa mtoto wa nchi hakukufanyi useme kweli kwa kila mtu wa nchi. Wasichana pia wangeulizwa.

Huku Kivu kalamu imeshikwa. Watafiti wetu wa Bukavu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, waliandika ile Bukavu Series, ikawa kitabu mwaka 2020. Mle asistanti wanaeleza hatari wanazobeba barabarani, malipo yao, na namna majina yao yanavyopotea kazi ikiisha. Kila mtu wa chama hiki aisome. Ndani yake Ulaya inakosolewa bila matusi.

Hata hivyo, niulize jambo ambalo halitapendeza. Memwari zetu ziko wapi? Mimi niliandika yangu juu ya mabishano ya mashamba. Niliitetea mbele ya profesa watatu, nikapigiwa makofi, tukakunywa Fanta, ikaenda kwenye rafu. Sikurudisha hata ukurasa moja kule nilikouliza. Kwa hiyo mdogo wetu hakukosa kabisa. Tofauti yetu na London, kwa yule mama, ni ndogo sana: wote tulikuja, wote tuliandika, wote hatukurudia.

Pendekezo langu kwa chama ni dogo. Kila anayemaliza, tumsaidie kuandika kurasa mbili kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijiji: tuliuliza nini, tumeona nini, wapi hatuna hakika. Azipeleke mwenyewe, azisome mbele ya walewale, akubali kukosolewa. Haihitaji mfadhili, inahitaji nauli tu.

Mimi nimeanza na ile makala ya Kabare. Nimeifasiri mpaka ukurasa wa nne. Kuna jambo ndani yake ambalo najua yule mama atalikataa, na pengine yeye ndiye mwenye haki. Sina hakika kama angali mzima. Nikimaliza nitapanda, na natafuta mwenzangu mmoja anayesema Mashi vizuri kuliko mimi. Aliye tayari aniandikie hapa chini.