Mommy: filamu nzuri, lakini shule iko wapi?

Wandugu, juzi tuliangalia Mommy, watu saba mbele ya kompyuta moja, na mabishano yakaendelea mpaka umeme ukakatika. Wengi walilia. Mimi pia, sikatai. Lakini kuna kitu kilinibakia kooni.

Ni filamu ya Xavier Dolan wa Québec, Kanada, iliyopata Tuzo la Juri kule Cannes mwaka 2014. Diane ni mjane. Mtoto wake Steve iko na ile hali wanganga wanaita TDAH: hatulii, anatenda mbele ya kufikiri, na hasira ikipanda anapiga. Mwanzoni kabisa kituo alimokuwa anakaa kinamfukuza juu amewasha moto kwenye chumba cha kulia na mwenzake akaungua. Mama anaitwa, anakuja, anaondoka na mtoto na mizigo. Basi. Toka hapo masomo yanakuwa kazi ya nyumbani, akisaidiwa na jirani Kyla, mwalimu aliyesimamisha kazi kwa sababu maneno yanamkwama mdomoni.

Kwa uchezaji, sina neno. Picha ni ya mraba, nyembamba, sawa vile unachungulia ndani ya nyumba ya watu. Siku moja Steve anaisukuma kwa mikono yake miwili na inafunguka. Inafunguka tena wakati mama anaota mtoto wake amemaliza masomo, ameoa. Kisha inajifunga. Siye wenye diploma, ile ndoto tunaijua: wazazi wetu waliiota kwa kuuza ndizi na makala.

Lakini ona namna Dolan anasimulia. Anatunga sheria, S-14, inayomruhusu mzazi kumtupa mtoto hospitali bila kupita kwa hakimu. Hiyo sheria haiko. Ile iko kweli kule Québec, yeye anainyamazia: mkuu wa shule anapaswa kutengeneza mpango wa kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu au shida ya mwenendo, pamoja na wazazi, walimu, na mtoto mwenyewe kama anaweza. Saa mbili na zaidi, hakuna mtu anayemwambia Diane: rudi kule, uliza mpango. Filamu inatubakishia mama peke yake na mapendo yake, na mapendo yakichoka, hospitali. Ni vile tulivyozoea kusifu: mama ni mama, atavumilia. Tukimsifu hivyo, mkuu wa shule analala vizuri.

Nitasema ya kwetu. Nilipofanya staji ya ualimu, darasani tulikuwa na mtoto mmoja wa aina ya Steve. Walimu waliniambia ni mukaidi. Mmoja akanong'ona kwamba iko na pepo. Sitamlaumu mwalimu bure: watoto karibu 70, chaki moja, na toka elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019 mabenchi yamejaa. Ile siku alipofukuzwa, mama yake alisimama mbele ya ofisi, kitenge begani, hakupiga kelele.

— Direkta, muniandikie basi. Mutoto anafukuzwa juu ya nini?

— Mama, kamata mutoto yako, wende.

Karatasi hakupewa. Nami nilikuwa pale na kalamu mfukoni, nikanyamaza, juu nilingoja direkta aniwekee sahihi kwenye ripoti ya staji. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 ilikuwepo tayari, inataja elimu maalum. Ile ya haki za watu wenye ulemavu imekuja Mei 2022. Mule ofisini hakuna aliyeitaja, hata mimi niliyesoma miaka mitano.

Kwa hiyo mtu akinikuta aniulize kama Mommy ni nzuri, nitasema ndiyo, iangalie. Ila yule mama wa kitenge aliuliza swali ambalo Diane hakuuliza hata mara moja, na yeye hakuwa na Kyla.