Zambarau ya Mgagani

Peoni ni ua linalodai baridi. Kila mwaka mashina yake hufa, mizizi hulala ardhini kwa wiki nyingi za kipupwe, na ikikosa baridi hiyo machipukizi huamka dhaifu au hayaamki kabisa. Homa Bay haina baridi ya kulipa ua hilo. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na joto halikatiki mwaka mzima. Hata Rongo, ambako ardhi ya Migori inapanda kuelekea Kisii, usiku wa Julai hautoshi kuilaza mizizi ya peoni. Kwa hiyo anayeitamani peoni kwa ajili ya rangi ya zambarau uani kwake, zambarau ya kupanda kwa mkono wake na kuitunza msimu hadi msimu, namwelekeza kwenye mmea uliokwisha kuuzoea udongo huu: mgagani wa shina la zambarau. Waluo wanauita dek, Wakisii chinsaga, na kwa mama mboga wa Nairobi utausikia ukiitwa saga au sageti.

Wapo watakaosema hiyo ni mboga, haina haki ya kusimama mahali pa ua. Waende bustanini jua likitua, maana mgagani hufungua maua yake jioni. Petali ni nne, nyeupe zilizoguswa na waridi au zambarau hafifu. Katikati yake hutoka kikonyo kirefu, chembamba, na juu yake stameni sita za zambarau zimetawanyika kama miguu ya buibui. Shusha jicho: shina nalo ni la zambarau iliyokolea, limejaa vinyweleo vinavyonata kidoleni, na rangi hiyo inapanda na vikonyo vya majani mpaka pale vijani vitano vinapoungana. Likisuguliwa jani, harufu yake kali hubaki mkononi hata baada ya kunawa. Nondo na nyuki huja. Sijui ua jingine la uani ambalo lingeniridhisha zaidi saa hiyo.

Na hapa ndipo ufundi unapoanza, kwa sababu mlaji na ua hawapatani. Mgagani ukishachanua, majani hupungua, huwa madogo, na nguvu yote ya mmea hukimbilia kwenye vitumba. Anayelima kwa ajili ya chungu lazima avidonoe vitumba vinapochungulia tu, akikata kilele ili shina litoe matawi ya pembeni. Wiki nyingi za kazi yake ni kulizuia ua. Lakini bila ua hakuna mbegu, na bila mbegu msimu ujao orundu, ile bustani ya nyuma ya nyumba, itabaki na magugu. Kujua azuie wapi na aachie wapi, kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu aliyemwaga mbegu tu akangoja mvua.

Udongo nao una masharti. Mgagani hupenda samadi, na huota wenyewe palipokuwa na zizi, palipomwagwa majivu, na kwenye gunda, lile boma ambalo watu wamekwisha kulihama. Ukizuru Thimlich Ohinga kule Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila kuunganishwa kwa udongo, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, utaona jinsi nyumba na mazizi ya ng'ombe yalivyozungukwa na ukuta mmoja. Mboga inayofuata samadi ilikuwa lazima imfuate binadamu. Wanawake wa pande hizi waliisoma ardhi kwa mmea huu vizazi vingi kabla ya mtu yeyote kuja na vipimo vya udongo, nami naona huo ni ujuzi wa kuheshimiwa sawa na wa maabara.

Hautaki kivuli, wala maji yaliyotuama. Kwenye udongo mweusi unaoshika maji, uupande kwenye tuta. Jua kali si adui yake. Jani lake hunasa hewa ya kaboni kwa mfumo uleule wa mahindi na wa miwa ya Awendo, mfumo unaofanya kazi vizuri penye joto. Kiu ndiyo inayouharibu: ukikosa maji unaharakisha kuchanua, na kazi yako ya kudonoa inakushinda.

Mbegu ni nyeusi, kavu, zenye mikwaruzo, hazifiki milimita 2. Huchanganywa na mchanga ili mkono usimimine nyingi mahali pamoja, kisha hunyunyizwa kwenye mistari iliyoachana kama sentimita 30. Zifunikwe na udongo mwembamba sana, maana mwanga huzizuia kuota, na kina nacho kinazizamisha. Kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi miche hutokeza. Ikisongamana unaipunguza, na hiyo iliyong'olewa ndiyo mboga ya kwanza ya msimu. Ni hapo pia rangi inapochaguliwa. Mgagani wa shina la kijani na wa shina la zambarau huota pamoja na wadudu huchanganya chavua zao, hivyo anayetaka kuitunza zambarau hung'oa ya kijani mapema, na ile nyingine huiacha ikue.

Chungu kina subira yake. Dek ni chungu, na mpishi hafichi hilo. Huichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akatia maziwa, akaiacha ilale. Kesho anaipasha na kuiongezea maziwa, na kesho kutwa ladha imetulia kiasi kwamba uchungu umekuwa ndio utamu wake. Kwa Waluo na Wakisii ni chakula cha mama aliyejifungua. Kwa miaka mingi mboga kama hii ilidharauliwa, ikaitwa ya maskini, mpaka watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta walipoifanya kazi yao ya maisha. Mwaka 1999 wanasayansi wa ICIPE, taasisi ya wadudu yenye kituo Mbita, katika Homa Bay hiyohiyo, walichapisha uchambuzi wa mafuta yaliyomo kwenye mmea huu na jinsi yanavyofukuza kupe. Ile harufu inayogoma kutoka mkononi ina kazi.

Nirudi kwenye ua lililoachiwa. Mkulima mvivu huacha mbegu kwenye mimea iliyomshinda, ile iliyochanua mapema kabla hajaidonoa, na kila mwaka bustani yake huchanua mapema zaidi. Fundi hufanya kinyume. Anaichunguza mistari, anautafuta mgagani wenye shina jeusi kwa zambarau, majani mapana, uliochelewa kuchanua kuliko wenzake, anaufunga uzi, na tangu siku hiyo hakuna wa kuuchuma, hata mgeni akija na sufuria ikiwa tupu. Maganda membamba yakianza kuwa manjano huyakata asubuhi yangali na umande, kwa sababu jua likipanda yanapasuka na kumwaga kila kitu. Huyaanika kivulini juu ya gunia, huyapiga polepole kwa kijiti, hupepeta.

Mbegu hiyo mpya haioti vizuri mara moja. Inataka miezi kadhaa ya kulala. Iliyovunwa Julai itapandwa kwa mvua za Machi. Ya kupanda Septemba hutoka kwenye chombo cha mwaka uliopita, na mwenye bustani hii huwa na vyombo viwili jikoni, kimoja kimefungwa kitambaa kipya.