Hati ya Mkono na Tabia ya Mtu

Walimu wawili wa Ugogo wametuletea swali moja katika mwezi mmoja, ijapokuwa hawajuani. Wa kwanza auliza kama ni kweli kwamba tabia ya mtu yaweza kujulikana kwa kuutazama mwandiko wake. Wa pili haulizi kama ni kweli. Yeye amekwisha kusadiki, naye ataka tu kuonyeshwa alama za kutafuta, kwa kuwa amepewa kazi ya kuchagua watu watakaoingia katika mafundisho ya ukatekista, na barua zao za maombi zimo mezani pake. Swali la yule wa kwanza lingeweza kungoja. La huyu wa pili haliwezi kungoja, maana limeshika njia ya maisha ya watu ambao hajawaona hata nyuso.

Elimu anayoisadiki ndugu yetu si ngeni. Mwaka 1622 Mwitalia Camillo Baldi alichapisha kitabu juu ya jinsi ya kuitambua tabia ya mwandishi katika barua yake. Walakini aliyeipa nguvu, na kulieneza jina lake la grafolojia, alikuwa kasisi Mfaransa, Padre Jean-Hippolyte Michon (1806–1881). Twalitaja daraja lake kwa makusudi, isije ikadhaniwa kwamba jambo hili limetoka kwa wapunga pepo. Padre Michon alikusanya barua nyingi, akaifungamanisha kila alama na tabia yake. Baadaye Jules Crépieux-Jamin alikataa kuipa alama moja maana moja isiyobadilika, akasema haina budi kupimwa pamoja na mwandiko wote. Na Mjerumani Ludwig Klages akatoa kitabu mashuhuri juu ya mwandiko na tabia mwaka 1917. Herufi zinazoinama kuume, wasema watu wa elimu hii, zaonyesha mtu wa huruma. Zilizosimama wima zaonyesha mtu autawalaye moyo wake kwa akili. Mstari upandao ni tumaini, ushukao ni huzuni. Kijiti kinachoikata herufi t kikiwa kirefu na kizito, mwandishi ana nia ya nguvu.

Kabla ya kuyapima hayo, yatupasa kutenga mambo mawili yanayochanganywa kila siku: kuutambua mwandiko kuwa ni wa fulani, na kuutambua moyo wa huyo fulani. Lugha yetu yenyewe yatusaidia. Neno hati ni mwandiko wa mkono wa mtu, na papo hapo ni karatasi ya ushahidi, kama hati ya kiwanja. Waliolitumia neno moja kwa yote mawili walijua kwamba mkono humshuhudia mwenyewe, kwamba ni yeye na si mwingine. Mtume Paulo alifanya vivyo hivyo alipotia salamu kwa mkono wake mwishoni mwa Waraka wa pili kwa Wathesalonike, akaifanya kuwa alama ya kila waraka. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 nayo hukubali maoni ya mtu aliyeuzoea mwandiko wa mwenziwe. Na Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tenzi wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, hata leo wanaozishika nakala zake London na Hamburg wautambua mkono wake. Lakini kwamba Kijuma alikuwa pia mchongaji na mpiga muziki, hayo yamejulikana kwa kuulizwa watu waliomjua. Hakuna aliyeyasoma katika mwinamo wa herufi zake.

Basi mwandiko husema kitu. Husema kwanza shule. Atazamaye vitabu vya zamani vya ubatizo huona jinsi mikono ya walimu waliofundishwa pamoja inavyofanana, kwa sababu wote walifuatisha ubao mmoja na mwalimu mmoja. Husema kama mtu huandika kila siku au mara mbili kwa mwaka. Husema pengine kwamba mwandishi alizaliwa wa mkono wa kushoto, akapigwa vidole mpaka akashika kalamu kwa mkono ule ambao adabu yetu huuita wa kulia. Na husema ugonjwa: katika ule ugonjwa wa kutetemeka ulioelezwa na tabibu Mwingereza James Parkinson mwaka 1817, herufi za mgonjwa mara nyingi huzidi kuwa ndogo kadiri aendeleavyo kuandika. Hayo yote ni ya mwili na ya malezi.

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo tulipokosa sisi wenyewe. Kila msomaji wetu akumbuka kwamba mwishoni mwa Waraka kwa Wagalatia Paulo awaonyesha jinsi zilivyo kubwa herufi anazoandika kwa mkono wake mwenyewe. Wafafanuzi wengine wasema macho yake yalikuwa mabovu. Wengine, kwamba vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kazi ya kushona mahema. Wengine, kwamba alitaka kukaza maneno kama mtu apazaye sauti. Wataalamu wameubishania mstari huo kwa karne nyingi, nao ni mwandiko wa mtu ambaye maisha yake twayajua kuliko ya watu wengi wa zamani zile, hawajapatana. Sisi, katika halmashauri ya chuo kimoja tusichokitaja, tulikata neno kwa dakika mbili.

Barua yenyewe ilitoka kwa mtu mzima wa upande wa Kongwa. Herufi zake zilikuwa kubwa mno, nne au tano zikijaza mstari, na mistari ikiteremka kama maji ya korongo. Mjumbe mmoja, aliyekuwa amesoma kitabu cha grafolojia, alisema herufi kubwa ni majivuno na mistari iteremkayo ni uvivu. Tulicheka, tukaiweka barua kando. Hatukuisoma mpaka mwisho. Haya ndiyo ya kuaibisha kuliko yote. Mwaka uliofuata tulimkuta mtu huyo kwao, amekaa mbele ya tembe akijing'oa kope kwa kibano. Alikuwa na trakoma, yaani vikope. Ugonjwa huu umechunguzwa sana katika Kongwa tangu miaka ya 1980, kwa kuwa nchi ni kavu, maji ni machache, na nzi ni wengi. Mtoto huambukizwa angali mdogo, tena na tena. Ngozi ya ndani ya kope huota makovu, nayo hujikunja, hata kope zikageukia ndani na kulikwaruza jicho kila lipepesapo. Mtu yule aliandika kwa herufi kubwa ili aweze kuziona. Aliposoma kwa sauti sura aliyoizoea, hakukosa hata neno moja, na nusu yake aliisoma amefumba macho.

Na yule tuliyemchagua kwa uzuri wa hati yake? Ilikuja kujulikana kwamba barua haikuandikwa naye. Aliandikiwa na kijana wa jirani aliyemaliza shule, naye hakuona kosa. Wala hatumlaumu, maana katika nchi yetu watu wengi wamepeleka barua kwa mkono wa mwingine, na baba aliyekuwa na mwana msomi hakuhitaji kalamu. Waraka mkuu kwa Warumi nao uliandikwa na Tertio, aliyejitaja mwenyewe katika salamu za mwisho. Lau Padre Michon angaliupata waraka ule wa asili akauchambua, angalitupa habari za Tertio.

Sasa tuzipime zile alama. Wanagrafolojia wengi hufundisha kwamba upande wa kuume wa karatasi ni wakati ujao na watu wengine, na wa kushoto ni mambo yaliyopita na nafsi ya mtu. Ni fundisho lililozaliwa kwa watu waandikao kutoka kushoto. Lakini Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla ya shule zetu, na wafanyabiashara wa misafara iliyopita Mpwapwa na Ugogo kwenda Unyanyembe walizoea kuandika hivyo, kutoka kuume. Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya namna hiyo mwaka 1892. Je, wafanyabiashara wale wote walikuwa wakiukimbia wakati ujao? Waliokwenda na bidhaa za mkopo kutafuta pembe zisizopatikana bado, twaona, waliutazama wakati ujao kuliko wengi wetu. Na kile kijiti cha t: mtu aandikaye neno tutatumia hukata vijiti vitatu kabla hajapita katikati ya neno, na kama cha tatu kimekuwa kifupi, si lazima nia yake imepungua njiani.

Mtu aweza kusema kwamba huo ni mzaha, na kwamba elimu hupimwa kwa kujaribiwa. Ni kweli, nayo imejaribiwa. Alfred Binet wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1906, aliwapima wajuzi wa fani hii. Alikuta kwamba waliweza kubashiri baadhi ya mambo kuliko bahati tupu, lakini kwa uchache kuliko walivyodai, na kwamba hata watu wasiojifunza waliweza mara nyingi kutofautisha hati ya mwanamke na ya mwanamume. Mwaka 1989 Efrat Neter na Gershon Ben-Shakhar walikusanya pamoja majaribio 17 yaliyohusu kuchagua watu wa kazi. Pale barua ilipoeleza maisha ya mwandishi, wanagrafolojia hawakuwashinda watu wasioijua fani hiyo. Na pale maneno yaliyoandikwa yalipokuwa hayana habari zake, ujuzi wao ulikaribia kuwa si kitu. Maana yake ni wazi: walichokisoma kilikuwa maneno.

Kwa nini basi watu wenye akili husadiki? Jibu moja lilitolewa na Bertram Forer wa Marekani, aliyewapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, kumbe wote walipewa maneno yale yale, ambayo mengi aliyatoa katika kitabu cha unajimu. Walipoulizwa yamewafaa kiasi gani, kwa alama 0 mpaka 5, wastani wao ulikuwa 4.26. Ripoti yake ilitoka mwaka 1949. Wasomaji wetu hawahitaji kwenda Marekani kuliona jambo hili. Neno ramli kwa asili yake ya Kiarabu ni mchanga, na mpiga ramli wa kwanza alitia alama mchangani akazisoma. Akisema kwamba katika jirani zako yumo asiyekutakia mema, au kwamba una huzuni ambayo hujamwambia mtu, ni nani atakayekana? Sisi tunaowakataza waumini wetu wasiende kwa mpiga ramli tuna deni la kueleza tofauti kati ya alama zilizo mchangani na alama zilizo kwenye karatasi, na kwa kadiri ya majaribio hayo, ni tofauti ndogo.

Watu wa Pwani husema nyumba njema si mlango. Walikuwa na milango ya kuchongwa, kwa hiyo waliogopa kudanganywa na uzuri. Huku kwetu, ambako tembe la mtu mwenye ng'ombe 100 laweza kuonekana kwa nje kama chuguu refu la udongo, na mlango wake humlazimu mgeni kuinama, methali hiyo yafaa isomwe kwa upande wa pili.

Kuna jaribio jingine ambalo mwalimu wa Dodoma aweza kulifanya bila kitabu. Aende Buigiri, ambako Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona mwaka 1950. Huko huandikwa kwa nukta nundu: nukta sita, mahali pake ni pale pale, kila nundu sawa na mwenziwe. Hakuna mwinamo, hakuna kijiti cha t, wala mstari upandao. Na mwalimu wao, akiisha kusoma insha 20 kwa vidole, humjua mwenye kiburi na mwenye huruma, aliyenakili na aliyefikiri. Atuambie basi mwanagrafolojia, tabia hizo zimepitia wapi.

Kwa ndugu yetu mwenye barua mezani jibu letu ni kwamba hatuna alama za kumpa. Akiona hati mbovu, na aulize habari za macho, na mkono, na shule. Akiona hati nzuri, na aulize ni ya nani. Katika ile halmashauri yetu, barua zote za maombi sasa hupigwa chapa na karani kabla hatujaziona, na majina huwekwa katika karatasi nyingine. Mjumbe mmoja mzee amelalamika kwamba kazi imekuwa ndefu mno, kwa sababu sasa hana budi kuzisoma barua zote mpaka mwisho.