Zaka Si Kodi

Jumapili moja nilisali katika parokia isiyo yetu. Jina lake nitalinyamazia. Baada ya Komunyo mtu wa kamati alisimama na daftari mkononi. Akasoma majina ya wale waliomaliza zaka ya mwaka, na watu wakapiga makofi. Kisha akasoma majina ya wenye deni. Hapo kanisa lilinyamaza. Mama mmoja mzee karibu nami aliinamisha kichwa, akavuta kitenge juu ya uso. Nilirudi huko Jumapili iliyofuata. Nafasi yake ilikuwa tupu.

Je, tulipata franka ngapi kwa kumpoteza mama yule?

Mtu asinielewe vibaya. Paa la kanisa huvuja, katekista ana watoto, divai ya Misa hununuliwa. Zamani wengi walidhani kwamba fedha zote zatoka Ulaya, na mawazo hayo yalitulemaza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 222, yasema wazi kwamba waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa. Basi kuomba si kosa. Ninalolaumu ni namna ya kuomba.

Namna ya kwanza ni kutisha. Mhubiri hufungua kitabu cha Nabii Malaki, sura ya 3, na kusema kwamba asiyetoa fungu la kumi amemwibia Mungu na amelaaniwa. Ni kweli, neno hilo limo. Lakini mbona hasomi aya ya 5 ya sura ile ile? Hapo Mungu anawashtaki wanaopunja mshahara wa kibarua na kuwaonea wajane na yatima. Na sura mbili za kwanza zinawakaripia nani hasa? Makuhani, waliotoa dhabihu za wanyama vipofu na vilema. Malaki hakuwapa wakubwa fimbo ya kuwachapa wadogo. Alianza na wakubwa.

Namna ya pili ni kushawishi kwa faida. Wahubiri wengine mijini husema: Panda dola kumi, utavuna mia. Hiyo ni bahati nasibu, si sadaka. Na maskini asipovuna, huambiwa kwamba imani yake ni haba. Hivyo hupoteza fedha, na moyo pia.

Namna ya tatu yatuhusu sana sisi Wakatoliki: kuifanya sakramenti kuwa rehani. Mtoto habatizwi, marehemu haombewi, mpaka karti ya zaka ijazwe. Kanuni ya 848 yakataza jambo hilo: padri asidai zaidi ya sadaka iliyopangwa na wenye mamlaka, na aangalie daima maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Papa Fransisko naye, tarehe 21 Novemba 2014, alizikemea parokia zinazobandika bei za ubatizo na za nia za Misa.

Historia yafundisha vilevile. Sinodi ya Mâcon, mwaka 585, iliamuru fungu la kumi na kuwatishia wakaidi kwa kuwatenga na Kanisa. Karne kumi na mbili baadaye, mwezi wa Agosti 1789, Wafaransa waliifuta zaka ile katika mapinduzi yao. Kulazimisha kulijaza ghala, hakukujaza mioyo.

Basi tufanye nini? Daftari lisomwe upande wa pili pia. Kanuni ya 1287 yataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Tuambiwe: tumepokea kiasi hiki, mabati yamekula kiasi hiki, maskini wamepata kiasi hiki. Mtu aonaye mabati mapya juu ya kichwa chake hahitaji vitisho.

Tena tukumbuke Torati. Walawi waliopokea zaka walitoa nao zaka ya zaka. Na kila mwaka wa tatu, yatima, wajane na wageni walishiriki zaka hiyo na kushiba. Bwana Yesu alimsifu mjane wa senti mbili; lakini aya chache kabla, katika Marko 12, aliwalaumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Asomaye moja asiiache nyingine.

Kutoa ni moyo, si utajiri. Huenda mama yule hakuwa mdeni. Huenda sisi ndio wadeni wake. Wazee wa shirika waende wakamwite tena. Lakini daftari waliache parokiani.