Paspoti ya dola 185: tumehesabu pesa, hatukuhesabu vidole

Ndugu wahitimu, kila mara habari ya paspoti ya Semlex inaporudi kwenye ukurasa huu, maandishi yanauliza jambo moja tu: balikula ngapi? Swali ni la haki. Mkataba na kampuni hiyo ya Ubelgiji ulitiwa sahihi mwezi wa sita 2015, kwa miaka mitano. Mwaka 2017 Reuters walionyesha kwamba mwananchi alilipa dola 185, na serikali ilipata 65 tu. Mama anayeuza makaa kule Kikula angezipata wapi dola 185?

Lakini kwa maoni yangu uchambuzi wetu unasimama katikati ya njia. Karibu hakuna anayeuliza: mkataba ukiisha, picha na alama za vidole vyetu zinabaki kwa nani?

Mimi ninafanya kazi ya informatike hapa Likasi. Kampuni moja, jina ninaliacha, ilibadilisha mkandarasi wa mishahara. Watu walishikana mikono, wakanywa bia, kwisha. Miezi minne baadaye tukakuta konti ya mkandarasi wa zamani ingali wazi. Angeweza kusoma mshahara wa kila mfanyakazi, namba yake ya benki, hata majina ya watoto wake. Hakuna aliyeiba kitu. Ni kwamba tu mkataba haukusema nani atafunga ile konti, na siku gani. Tuliifunga kwa dakika moja, na maneno ya siri yakabadilishwa. Sasa kidole, bandugu, utakibadilisha na nini?

Tena mkandarasi mwenyewe anaweza kuuzwa. Gemalto, iliyoleta mashini za kuandikisha wapiga kura 2016 na 2017, ilinunuliwa na Thales ya Ufaransa mwaka 2019. Sisemi data yetu ilitoka. Ninasema uliyempa kazi leo, kesho anaweza kuwa na bwana mwingine, na kama mkataba umenyamaza juu ya hilo, hutaulizwa.

Kuna wanaojibu kwamba sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imemaliza kesi. Ni sheria nzuri, inalinda data za mtu. Ila ile miaka mitano ya paspoti ilianza 2015, mbele ya sheria hiyo. Vidole vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa.

Kwa hiyo, mwenzetu atakayeandika tena juu ya paspoti au karte ya uraia, bei aiandike, ndiyo, lakini atafute pia ule ukurasa wa mkataba unaosema nani anarudisha data, nani anafuta kopi, na nani wa upande wetu anakwenda kuhakikisha. Na asiishie Kinshasa. Kijana anayeuza laini za simu chini ya parasoli, anayepiga picha karte yako kwa simu yake mwenyewe, naye ni mkandarasi wa mtu. Ile picha jioni anaifuta nani?