Gati la Hastings: fedha za kujenga zilipatikana, za kuendesha hazikupatikana

Gati la Hastings, kusini mwa Uingereza, lilifunguliwa mwaka 1872, likafungwa 2006 kwa sababu za usalama, na Oktoba 2010 moto ukateketeza karibu majengo yake yote ya juu. Mmiliki alikuwa kampuni iliyosajiliwa Panama. Wakazi walioazimia kuliokoa walifanya jambo ambalo vikundi vingi huliacha hadi mwisho: kabla ya fedha, walishughulikia umiliki. Kwa shinikizo lao halmashauri ya mji ililitwaa gati kisheria mwaka 2013 na kulikabidhi kwa taasisi yao ya hisani. Bila umiliki huo, ruzuku ya zaidi ya paundi milioni 11 ya mfuko wa urithi wa Heritage Lottery Fund isingefika, kwani hakuna mfadhili makini atakayekarabati mali ya mtu asiyeonekana. Kisha wakauza hisa za jamii. Watu wapatao 3,000 walichangia karibu paundi 600,000, kila mmoja akiwa na kura moja tu hata kama hisa zake ni nyingi.

Kazi yenyewe ilikuwa bora. Mbao zilizonusurika motoni zilisafishwa na kugeuzwa kuta za jengo la wageni, na Oktoba 2017 gati likashinda tuzo ya usanifu ya Stirling. Novemba ya mwaka huohuo taasisi ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, na mwaka 2018 gati likauzwa kwa mfanyabiashara kwa bei iliyotajwa kuwa paundi 60,000. Kwa maoni yangu tatizo halikuwa uhaba wa fedha, bali aina yake. Karibu zote zilikuwa za ujenzi. Sitaha iliachwa wazi ili ifae kwa kila shughuli, na uamuzi huo ulipendeza macho, lakini uwanja mtupu hauingizi kodi ya pango mwezi Januari, wakati chumvi na mawimbi vinaendelea kula vyuma. Taasisi changa isiyo na akiba haiwezi kuhimili majira mawili mabaya ya baridi.

Itasemwa kwamba ruzuku za urithi ndivyo zilivyo, hulipia kazi na si mishahara. Ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini waraka wa kuuza hisa huandikwa na wanachama wenyewe. Hapo ndipo pa kutenga fungu la miaka mitatu ya mwanzo, na kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba fedha yake italipa bima na fundi wa nguzo. Wengine watasema watu wangechangia jengo, wasingechangia bima. Sikubali: baada ya taasisi kuanguka, wakazi haohao waliahidi mamia ya maelfu ya paundi ili kulinunua tena, wakijua vyema kwamba hakuna jengo jipya litakalotokana nazo. Moyo wa kulipia uendeshaji walikuwa nao, ila waliombwa wakati gati limeshawekwa sokoni.